Mvua Iliyofia Angani

Ziwa lilikuwa limejaa, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi.

Ziwa hilo, Kati Thanda, huwa limekufa kwa miaka mingi kuliko linavyoishi. Liko chini kuliko mahali pengine popote katika Australia, chini hata ya usawa wa bahari, na kwa kawaida ni sahani ya chumvi nyeupe ambayo jua huilamba tangu asubuhi bila kuimaliza. Mito ya upande ule haina haja na bahari. Huigeuzia mgongo, hutambaa kuelekea ndani ya nchi, na mingi hufa njiani kama msafiri aliyeambiwa kijiji ni hapo mbele tu.

Mwaka huu mito ilifika. Maji yalipanda hadi ngazi za kituo, na Nyemo Chidawali alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini, miguu imezama hadi vifundoni, akipunga nzi. Nzi wa huko hawana adabu. Wanaingia mdomoni kabla hata ya salamu.

Shuleni Bahi, kwao Ugogo, walimfundisha kwamba hili ndilo bara dogo kuliko yote duniani. Aliyelipima hakulitembea kwa miguu. Nyemo alikuwa ameishi humo mwaka wa pili na bado kila akitazama upande wa magharibi aliona nchi nyekundu imelala chali, haina mlima wa kujifunika, mpaka macho yanachoka yenyewe. Aliwaona vyura waliokuwa wamejizika ardhini tangu ukame uliopita, matumbo yamejaa maji ya akiba, wakatoka siku ya mvua ya kwanza wakipiga kelele kama wenye nyumba. Aliwaona kangaruu majike, ambao ukame ukiwabana huiambia mimba "subiri kwanza", na mimba husubiri. Mtu akikataa hilo, na akatae. Kangaruu hawamngoji yeye.

Na ndege waitwao mwari. Walikuja kwa maelfu kutoka pwani, mwendo wa siku nyingi, na hakuna aliyejua ni nani aliyewaambia kuwa jangwani kuna ziwa. Sasa kisiwa cha katikati kilikuwa cheupe kwa ndege, na kati ya miguu yao vifaranga, uchi, wekundu, wabaya kama vidole vilivyochubuka.

Kengele ya laini ya simu ikalia. Nyemo akaingia ndani na nyayo zenye maji.

"Kituo cha Mashariki, Nyemo nipo hai."

"Kituo cha Magharibi, Mihayo nipo hai, kwa bahati mbaya yako," ikajibu sauti kutoka Bahi, ng'ambo ya bahari yote. "Mtani, umeamka? Nilidhani Mgogo hulala mpaka aletewe."

"Nimeamka. Wewe umeshautua mzigo wa babu yako au bado uko kichwani?"

"Kichwa ni bapa tangu kuzaliwa, si unajua. Tulikiumba hivyo kwa ajili yenu."

Nyemo akacheka. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, wakati Wanyamwezi walipopita Ugogo na mizigo kichwani na Wagogo wakawatoza kwa kila kisima. Ugomvi ule ulizeeka ukageuka kuwa kicheko. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, akaondoka na jogoo wako, na wewe ukamsindikiza.

Pale kituoni utani ulikuwa zaidi ya burudani. Ulikuwa kitu pekee kilichobaki cha kusemwa. Laini ile ilisikilizwa na mashine, na mashine ilikuwa na orodha yake: mvua, mawingu, jua, ukame, kisima, njaa. Ukitaja hali ya hewa ya kwenu, laini inakatwa, na mwenye ufunguo anarudishwa nyumbani siku hiyohiyo. Sababu ilijulikana. Wenye ufunguo wa mwanzo walipiga simu nyumbani, wakalia, halafu wakaenda kuigeuza bahari.

Maana ndiyo kazi iliyokuwa pale. Bahari ya Hindi ni pembea. Upande wa Afrika ukipata joto, mvua humwagika Afrika na Australia inaungua. Joto likihamia upande wa Sumatra, Australia inalowa na Afrika inakauka. Mungu aliicheza pembea hiyo peke yake tangu mwanzo. Kisha watu wakatandaza vinu baharini, maelfu na maelfu, vinavyoelea na kuvuta maji baridi kutoka kilindini, wakavipa jina Mizani, wakaandikiana mkataba: mwaka huu zamu yenu, mwaka ujao zamu yetu, na asiye na zamu apate mvua ya kuponea. Kila kituo kiwe na funguo mbili, moja ya mwenyeji na moja ya mgeni kutoka upande wa pili, ili asiwepo wa kumwibia mwenzake.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya Australia. Na ubao wa kituo ulionyesha kila asubuhi, kwa taa ya kijani, kwamba Ugogo inapata mvua ya kuponea.

"Ng'ombe wenu wamejifunza mambo mapya," Mihayo alikuwa akiendelea. "Wanalala chali, miguu juu. Nafikiri wanahesabu nyota."

"Mnyamwezi tangu lini amejua ng'ombe? Umeona mbuzi wewe."

"Na watoto wenu wamekuwa wepesi. Juzi nimebeba wanne kwa bega moja. Kazi ya babu zangu imenirudia."

"Uwabebe vizuri, usije ukawauza Tabora."

Mihayo akanyamaza kidogo. "Nitawabeba vizuri," akasema, na laini ikafungwa kwa utaratibu wake wa kila siku.

*

Wiki iliyofuata, Mihayo hakuanza kwa matusi. Alianza kwa kikohozi.

Kilikuwa kikohozi kirefu chenye filimbi mwishoni, kikohozi cha mtu aliyeng'oka jino la mbele na kuvuta ugoro miaka hamsini. Halafu sauti ya mzee, ya puani: "Nyemo. Nyemo, mwanangu. Huko kwa Wazungu hakuna ugoro? Nitumie basi hata majivu, nidanganye pua."

Nyemo alicheka mpaka akashika meza. Ilikuwa sauti ya baba yake mdogo, Mzee Malogo, kama ilivyo. Aliyemlea. Mihayo alikuwa jirani yake pale Bahi na bila shaka alimwona kila siku akipita na fimbo, akigombana na kuku.

"Umempata," akasema akifuta machozi. "Umempata kabisa. Akikusikia atakuchapa."

Sauti ya mzee haikuacha. "Na ile blanketi uliyoleta, mwanangu, imekaa vizuri. Wamenifunika nayo mpaka kichwani. Mimi nasema joto, wao wanasema tulia, mzee."

Kicheko cha Nyemo kilibaki usoni muda mrefu baada ya yeye mwenyewe kukiacha.

Mtani anaruhusiwa mengi, lakini kumwigiza mzee wa watu, kukohoa kikohozi chake na kuvaa sauti yake, kuna siku yake. Ni siku moja tu. Mtani huja msibani akiwa amevaa kofia ya marehemu, akatembea kama yeye, akaomba chakula alichokipenda, mpaka wafiwa wanacheka huku wanalia. Kisha anavua kofia na kuchukua jembe, kwa sababu watani ndio wachimbao kaburi.

Mashine ilikuwa kimya. Haikuwa na tatizo na ugoro wala blanketi.

Nyemo akavuta pumzi na kusema, kwa sauti ya mzaha aliyoitafuta mbali: "Mtani. Jembe umelishika?"

"Nimelishika."

"Mara moja?"

"Mikono yangu haina ngozi tena," akasema Mihayo, na sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe, ila bado ilijikaza kuwa ya kucheka. "Nyie Wagogo mna uvivu wa ajabu. Mnataka sisi tuwafanyie kila kitu. Hata kuwalaza. Mimi nimechoka, bibie. Kuanzia juzi nawalaza wawili wawili, wabanane."

"Na yule mwenzako?" Alimaanisha Mwaustralia mwenye ufunguo wa pili kule Bahi.

"Anatazama ubao. Ubao wake una taa nzuri ya kijani. Mimi nikimwambia, ananiambia nisilete uchungu wa nyumbani kazini." Akakohoa, na safari hii hakuwa akimwigiza mtu. "Nakudai ada yangu, mtani. Usiponilipa siku moja nitachoka kabisa, na wenu watalala nje."

Laini ikafungwa.

Nyemo alibaki ameshika meza. Akaikumbuka ile ya ng'ombe wanaohesabu nyota. Akaikumbuka ile ya watoto wanne kwenye bega moja, na jibu lake mwenyewe, na jinsi Mihayo alivyonyamaza kidogo kabla ya kusema atawabeba vizuri.

*

Mwenye ufunguo wa pili pale Kati Thanda alikuwa Merle, mama wa miaka sitini na kitu, mtu wa Arabana, wenyeji wa nchi ile tangu kabla ya kuwepo neno Australia. Kila mtu alimwita Anti, hata mkurugenzi aliyekuja kwa ndege mara moja kwa mwaka akiogopa nyoka. Nyemo alimkuta nje akifunga tairi.

"Anti, kwetu watu wanakufa."

Merle hakuinuka. "Nani kasema?"

"Mihayo."

"Kwenye laini? Mbona haijakatwa?"

"Alitania."

Merle akaweka spana chini. Nyemo akaeleza yote, kikohozi, blanketi, jembe, na ada ambayo isingeweza kuwa kitu kingine ila bahari igeuzwe, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia yanavyosikika. Kuigeuza bahari kwa sababu Mnyamwezi mmoja ameigiza mzee.

"Ubao unasema inanyesha," akasema Merle.

"Unasema."

"Na wewe unasema ubao ni mwongo na mzaha ni kweli."

"Ndiyo, Anti."

Merle akatazama juu, upande wa magharibi, mbali na ziwa, kulikokuwa na wingu moja kubwa la kijivu. Kutoka tumboni mwake ilining'inia mvua, mistari mirefu kama pazia la chumba cha wageni.

"Ingia garini," akasema.

Waliendesha juu ya nchi nyekundu ya mawe, wakawapita emu watatu waliokimbia sambamba na gari kwa shari tu, kisha wakageuka ghafla kama waliokumbuka wameacha jiko. Kwenye skrini ndogo ya gari Merle alifungua ubao uleule wa kituo. Eneo lile walilokuwa wakilielekea lilikuwa kijani. Mvua inanyesha, ubao ulisema. Mvua nzuri.

Wakasimama chini kabisa ya wingu. Merle akazima injini.

Juu yao mvua ilikuwa inaanguka. Waliiona. Ilishuka, ikashuka, na mahali fulani kati ya wingu na vichwa vyao ikaisha. Haikuchepuka, haikupeperuka. Iliisha. Hewa kavu iliyopanda kutoka kwenye mawe iliinywa yote kabla tone moja halijagusa kitu. Nyemo alikunjua kiganja na kungoja. Akainama akaokota udongo, nao ukapita kati ya vidole kama unga wa uwele.

"Jicho la ubao, setilaiti yao, liko juu ya mawingu," akasema Merle. "Linahesabu matone yanapotoka. Halishuki nayo kuona yanakoishia. Hapa tunajua, hapa mvua ya hivi haidanganyi hata mjusi. Nikawaambia walipofunga mitambo. Wakasema ni kidogo, haina athari kwenye jumla." Akatema mate, na mate yenyewe yalikauka mbele yao. "Tukiivuta bahari upande huu kwa nguvu zote, hewa kavu inashukia wapi?"

"Kwetu," akasema Nyemo.

*

Chumba cha funguo hakikuwa na dirisha. Matundu ya funguo yalikuwa kwenye kuta zinazotazamana, mbali kiasi kwamba mtu mmoja asingeweza kugeuza funguo mbili hata angekuwa na mikono ya nyani. Merle alikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa ufunguo wake.

"Tuwaandikie Baraza la Mizani," akasema.

"Watatazama ubao."

"Watatazama ubao," Merle akakubali. "Halafu wataunda kamati." Akasugua magoti. "Ukiirudisha bahari katikati ya zamu, haitarudi kwa upole. Unajua hilo. Inaweza kuwapitiliza kwenu. Mnaomba mvua, mnapewa mafuriko."

"Najua."

"Na hapa. Ziwa hili likikosa mto litakuwa maji ya chumvi kabla mwezi haujageuka. Lile ziwa dogo la maji ya kunywa litakuwa tope. Pale kambini kuna watu elfu thelathini, Nyemo. Walikimbia moto wa pwani wakaja hapa kwa sababu kulikuwa na maji. Wana wazee. Wana watoto wachanga. Barabara ya kutokea ni siku nyingi kwa wenye gari, na wengi hawana gari."

"Watakufa?"

"Wengine."

Kwa mbali, kupitia ukuta, ilisikika sauti ya mwari kisiwani, mkoromo wa ndege wengi waliokaa kwa amani.

"Mimi sina la kukudanganya," Nyemo akasema hatimaye. "Nikisema nataka haki, nitakuwa mwongo. Aliyefunikwa ile blanketi ni baba yangu. Kama angekuwa baba wa mtu mwingine, pengine ningeamini ubao."

"Mimi wajukuu wangu wameogelea," akasema Merle. "Bibi yangu alinisimulia ziwa likiwa limejaa. Mama yangu aliliona mara moja. Mimi nimewafundisha wajukuu kupiga mbizi katika nchi yao wenyewe, mwaka huu. Sasa unanitaka kwa mkono wangu huu niyatoe maji haya."

"Ndiyo, Anti. Nakutaka."

"Huna aibu."

"Sina."

Merle akacheka kwa pua, kicheko kisicho na furaha ndani yake. Akainuka polepole, mkono ukutani.

"Sikiliza. Walipoweka jicho lao juu ya mawingu, waliamua kuwa ardhi haina la kusema. Mimi nimeishi na watu wa namna hiyo maisha yangu yote. Siwezi kuwa mmoja wao kwa sababu tu safari hii nimenufaika." Akautoa ufunguo shingoni. "Nitageuza. Lakini kuna sharti. Hutakaa humu ukaacha tangazo lisomwe na spika. Utaenda kambini leo, mchana kweupe, utamtafuta Voula, na utamwambia kwa mdomo wako ni nani aliyefanya na kwa ajili ya nani."

Voula alikuwa ndiye mkuu wa kambi, mjane wa Kigiriki ambaye nyumba yake ilikuwa imeungua mara mbili.

"Nitamwambia," akasema Nyemo.

Wakasimama kila mmoja kwenye ukuta wake, wamepeana migongo. Hawakuhesabu. Nyemo alisikia Merle akivuta pumzi, naye akavuta, na funguo zikageuka pamoja kwa mlio mdogo usiofaa, kama wa kabati la nguo.

Hakikutokea kitu. Ndivyo ilivyo na bahari. Haina haraka ya kukuonyesha. Lakini huko mbali, karibu na Sumatra, vinu vilivyokuwa vimelala vilianza kunyonya maji ya kilindini, na vilivyokuwa upande wa Afrika vikanyamaza kimoja baada ya kingine.

Walipotoka nje, mwari walikuwa wamesimama.

Wote. Maelfu ya ndege wakubwa weupe, midomo imeelekezwa upande mmoja, hakuna hata mmoja aliyekoroma. Upepo haukuwa umebadilika. Maji hayakuwa yamepungua hata unene wa kucha.

"Bado ni mapema," Nyemo akanong'ona. "Hawawezi kujua."

Merle alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Wa kwanza akaruka. Kisha kisiwa kizima kikainuka kama shuka linalovutwa kitandani, kikafunika jua, kikazunguka mara moja, kikaelekea pwani. Chini wakabaki vifaranga, wekundu, wakiwa wamefungua midomo kwa sababu kivuli kilichopita juu yao walidhani ni chakula.

*

Kambini watu walikuwa wamesimama nje ya mahema wakitazama ndege wakiondoka. Wengine walikuwa wakipiga picha.

Voula alikuwa shambani kwake ukingoni mwa maji, akifunga mashina ya nyanya kwenye vijiti kwa vipande vya shuka kuukuu. Nyanya zilikuwa za kijani bado, ngumu, zimejaa kila tawi.

"Umeona ndege wako?" akasema bila kugeuka. "Wamekwenda wote. Wamechoka na kelele zetu. Shika hapa, nifunge."

Nyemo akashika shina. "Voula, maji yanaondoka."

"Yanakwenda wapi, disko?"

"Nimeigeuza Mizani. Mimi na Merle. Kwetu watu wanakufa kwa kukosa mvua, wengi, na baba yangu amekufa. Nimeirudisha bahari upande wetu. Ziwa hili litakuwa chumvi ndani ya wiki chache. Inabidi muanze kutoka. Wasio na gari kwanza."

Voula alicheka. Alicheka vizuri, kwa moyo, akampiga Nyemo begani kwa mkono wenye udongo. "Wewe mtu," akasema. "Wewe na utani wenu. Yule mwenzako wa simu amekuharibu kabisa."

Nyemo hakucheka. Hakuliachia shina. Alisubiri mpaka kicheko cha Voula kikapungukiwa na mahali pa kwenda.

Voula akatazama kisiwani, vile vitu vyekundu vilivyokuwa vikianza kutembea kuelekea majini kwa miguu isiyojua kutembea. Akautazama uso wa Nyemo.

"Sema tena," akasema.

Nyemo akasema tena, polepole, neno kwa neno, bila kupunguza jina lake mwenyewe.

Mzee mmoja aliyekuwa jirani akauliza yule wa kituoni amesema nini. Voula alifungua kipande cha shuka alichokuwa amekifunga punde, akakunja aproni yake ikawa mfuko, akapiga magoti. Kisha akaanza kuchuma nyanya za kijani, moja moja, zote, hata zile ndogo kama gololi.

Nyemo alipoinama kumsaidia, Voula aliusukuma mkono wake pembeni, akaendelea.